Kabwe: Kufagia Ua, Kuacha Mlima

Mgodi wa risasi na zinki wa Kabwe, Zambia, ulifungwa mwaka 1994 baada ya kufanya kazi kwa takribani miaka 90. Zaidi ya miaka 30 imepita tangu mashine zizimwe. Katika muda huo imepita miradi miwili mikubwa iliyogharimiwa na Benki ya Dunia, watafiti wa Zambia na Japani wamepima damu za watu na udongo wa mitaani, nyua zimechimbwa na kuwekwa udongo mpya, watoto wamepewa dawa. Hata hivyo mtoto anayezaliwa leo katika mitaa ya Kasanda au Makululu huanza kula risasi mara tu anapojifunza kutambaa.

Tumeuliza sana fedha ziko wapi, na tumeuliza kidogo mno kazi ilianzia wapi. Kabwe imesafishwa kuanzia mwisho, yaani majumbani. Mlima wa mabaki unaotoa vumbi umeachwa palepale, na umeachwa kwa sababu inayoeleweka kabisa: wapo watu ambao kwao ule si uchafu, ni mali.

Madereva wa malori wanaotoka Dar es Salaam kwenda Lusaka wanaufahamu mji huu, kwa kuwa barabara kuu ya kutoka Tunduma inapita humo, kilometa zipatazo 140 kabla ya kufika mji mkuu. Mwaka 1902 mtafuta madini aitwaye Thomas Davey alipaona mahali hapo, akapaita Broken Hill kwa kuwa mwamba wake ulifanana na ule wa mji wenye jina hilo nchini Australia. Reli ilifika mwaka 1906. Mwaka 1921 wachimbaji walifukua humo fuvu la binadamu wa kale ambalo lilipelekwa London, liko huko hadi sasa, na Zambia haijaacha kulidai. Fuvu lilisafirishwa, risasi na zinki zilisafirishwa. Kilichobaki Kabwe ni mamilioni ya tani za mabaki ya uchenjuaji na masalia ya tanuru, yaliyorundikwa karibu na makazi ya watu. Sehemu kubwa ya rundo hilo ni nyeusi, na wenyeji wanaliita Mlima Mweusi.

Ili kuelewa kazi ya kusafisha, ni lazima kwanza kuelewa kwamba migodi iliyoachwa haichafui kwa namna moja. Migodi mingi ya shaba, kobalti na dhahabu ina pairaiti, madini ya chuma na salfa yanayong'aa kama dhahabu. Pairaiti ikiwa chini ya ardhi, mbali na hewa, hutulia. Ikichimbwa na kukutana na oksijeni na maji hugeuka asidi ya salfa, na wapo bakteria wanaoishi kwa kuharakisha kazi hiyo. Asidi huyeyusha shaba, zinki, aseniki na kila metali iliyo jirani, kisha vyote huingia mtoni pamoja na tope la chuma lenye rangi ya chungwa. Huo ni uchafuzi wa maji.

Kabwe ni tofauti. Mwamba wake ni dolomaiti, jamii ya mawe ya chokaa, na mwamba wa aina hiyo huizima asidi kabla haijaenda mbali. Hatari ya Kabwe iko hewani na mchangani. Kwa miongo mingi madini yaliyeyushwa palepale, na moshi wa matanuru uliangusha risasi juu ya mitaa. Tanuru kubwa la kuyeyushia zinki na risasi kwa pamoja lilianza mwaka 1962. Upepo wa eneo hilo huvuma zaidi kutoka mashariki, na Kasanda na Makululu ziko magharibi ya mgodi. Mfereji uliokuwa ukitoa maji ya mgodini ulikatiza kwenye makazi na kutandaza tope lake kila ulipofurika. Leo matanuru hayatoi moshi, lakini jua la Septemba na Oktoba hukausha mabaki, upepo huyainua, na kwenye barabara za udongo magurudumu huyasaga.

Risasi haiozi wala haigeuki kuwa kitu kingine. Iliyoanguka mwaka 1935 bado ni risasi, na mvua ikiigusa huzama sentimita chache tu kisha hushikamana na udongo wa juu, palepale watoto wanapocheza. Mtoto mdogo hunyonya risasi tumboni mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kwa kiasi kilekile alichomeza, na anaimeza kwa sababu dunia anaijua kwa mdomo. Ikifika kwenye damu huenda kwenye ubongo unaojijenga, na sehemu nyingine hujificha kwenye mifupa kwa miaka mingi. Msichana aliyekulia Kasanda huibeba mifupani hadi anapopata mimba, ndipo mwili unapochota kalisi ya mifupa kumjengea mtoto tumboni, na risasi hutoka pamoja nayo. Familia inaweza kuhama mji na isiwe imeacha sumu nyuma.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mwongozo wake wa mwaka 2021 unataka chanzo kitafutwe na kuondolewa mtoto anapofikisha mikrogramu 5 kwa desilita moja ya damu, na kwamba dawa za kuivuta risasi nje ya mwili zitolewe anapofikisha 45. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 juu ya watoto wadogo wa mitaa mitatu ya Kabwe haukukuta hata mmoja aliye chini ya 5. Huko Kasanda wastani ulizidi 80. Utafiti wa baadaye uliochukua sampuli ya mji mzima ulipata wastani wa karibu 12, na tofauti ya tarakimu hizi mbili ina maana yake: sumu haikugawanywa sawasawa. Anayeishi upande usiopigwa na upepo wa mgodi anaweza kuishi Kabwe maisha yake yote bila kuona tatizo, na pengine ndiye anayekaa kwenye ofisi ya kuamua.

Sasa tuje kwenye usafishaji wenyewe. Mradi wa kwanza wa Benki ya Dunia ulianza mwaka 2003 na kumalizika mwaka 2011. Ulishughulikia Kabwe pamoja na miji ya Copperbelt, ukanda wa migodi ya shaba. Mfereji ulizibuliwa, baadhi ya nyua zilibadilishwa udongo, watoto walipimwa na kutibiwa. Mradi wa pili, wa dola milioni 65.6, uliidhinishwa Desemba 2016, nao pia uligawanywa kati ya Kabwe na miji ya Chingola, Kitwe na Mufulira. Ulilenga kupima na kutibu hadi watu 10,000 na kuendelea kusafisha makazi.

Kazi ya ua mmoja ni rahisi kueleza. Unaondoa udongo wa juu, unaupeleka mahali pa kufukiwa, unaleta udongo safi, unashindilia, na ukiweza unapanda nyasi au unamwaga zege pale watoto wanapokaa zaidi. Ndani ya nyumba unapangusa kwa kitambaa chenye maji, maana ufagio mkavu huamsha vumbi. Yote haya ni sahihi. Mama anayeambiwa amnawishe mtoto mikono kabla ya kula anaambiwa kweli. Lakini fikiria ua uliosafishwa mwezi Juni. Nyasi hazina maji ya kutosha, zinakauka. Barabara inayopita mbele ya nyumba ni ya udongo uleule wa zamani. Jirani hakuwa kwenye orodha ya mradi. Na mlima uko palepale, haujafunikwa. Oktoba ikifika, vumbi linarudi. Anayepima mwaka unaofuata anakuta udongo umeanza kuchafuka upya, na ripoti inaandika kwamba wananchi wahamasishwe zaidi kuhusu usafi.

Hapo ndipo ninapokasirika. Mzigo wa mgodi uliofanya kazi karibu karne nzima unahamishiwa kwenye ndoo ya mama asiye na bomba.

Kwamba utaratibu wa kazi ndio unaoamua matokeo, jambo hilo lilikwisha kuonekana Nigeria. Mwaka 2010 katika jimbo la Zamfara zaidi ya watoto 400 walikufa kwa sumu ya risasi baada ya wachimbaji wadogo kusaga mawe ya dhahabu yenye risasi nyingi ndani ya vijiji vyao. Madaktari wasio na Mipaka walifika na dawa, lakini walishika msimamo mgumu: mtoto hataanzishiwa matibabu kabla kiwanja cha kwao hakijasafishwa, kwa sababu kumtoa risasi mwilini na kumrudisha kwenye vumbi lilelile ni kumtibu bure. Wanakijiji wenyewe, wakiongozwa na wataalamu, walikwangua udongo kwa majembe na kuufukia. Katika kijiji cha Bagega fedha za serikali zilichelewa, watoto wakasubiri hadi mwaka 2013. Mwaka 2022 madaktari hao walifunga mradi wao, vifo vya watoto kwa risasi vikiwa vimekoma. Usafishaji ulifanikiwa kwa kuwa ulifuata mpango mmoja: kwanza shughuli ya kusaga ihamishwe nje ya kijiji, pili udongo, tatu damu. Kabwe imeanza na la tatu, ikaligusa la pili, na la kwanza bado.

Kwa nini mlima haufunikwi? Kitaalamu si kazi ya ajabu. Rundo la mabaki makavu husawazishwa ili miteremko isiporomoke, hutandazwa tabaka la udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji, juu yake mawe au udongo wa kawaida, halafu mimea, na pembeni mitaro ya kupitisha mvua. Uzio unawekwa na walinzi wanalipwa. Pale ambapo fedha haitoshi kwa yote, hata tabaka la kokoto peke yake hulinyima upepo kitu cha kubeba. Nchi nyingi zimefanya hivyo.

Kinachozuia ni kwamba mlima una thamani. Uchenjuaji wa zamani haukukamua kila kitu. Masalia ya Kabwe bado yana zinki na risasi ya kutosha kumvutia mwenye mtambo, hasa bei inapopanda. Kwa hiyo leseni zimetolewa za kuchimba na kuchenjua mabaki, nyingine kwa kampuni, nyingine kwa vikundi vya wachimbaji wadogo. Ripoti ya Human Rights Watch ya Machi 2025 ilieleza jinsi malori yanavyohamisha mabaki hayo na kuyamwaga sehemu nyingine za mji, karibu na nyumba, na hivyo kufungua vyanzo vipya vya vumbi. Watu maskini nao huingia kwenye eneo la mgodi kugonga mawe na kuchekecha kwa mikono. Tanzania tunalifahamu jambo hili vizuri: wapo wanaoishi kwa kuchenjua marudio, yaani mabaki yaliyokwisha kuchenjuliwa, na wapo wanaookota magwangala, mawe ya taka, kandokando ya migodi mikubwa. Hakuna anayeweza kumlaumu mtu mwenye njaa kwa kuona riziki kwenye jiwe lililotupwa. Anayestahili kuulizwa ni mwenye muhuri wa leseni. Wizara moja inakopa fedha za kusafisha vumbi, ofisi nyingine inaruhusu vumbi litimuliwe. Maadamu mambo hayo mawili yanaendelea kwa pamoja, kila dola inayomwagwa kwenye nyua ni ya kupotea.

Sisemi kwamba kuchenjua mabaki ni kosa kila mahali. Upo mfano mzuri karibu kabisa nasi, huko Kasese, magharibi ya Uganda. Mgodi wa shaba wa Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori, ulianza uzalishaji mwaka 1956, mwaka uleule reli ilipofika Kasese, na shaba yake iliyeyushwa Jinja kwa umeme wa Mto Nile kabla ya kushushwa Mombasa. Uzalishaji ulikufa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mjini Kasese liliachwa rundo la makinikia ya pairaiti, zaidi ya tani milioni 1, lenye kobalti zaidi kidogo ya asilimia 1. Wakati huo kobalti hiyo haikuwa na mnunuzi. Mvua ikalifanya rundo hilo kuwa kiwanda cha asidi kisicho na msimamizi: maji yake yalitiririka hadi ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth na kuacha ukanda mtupu usioota hata jani, uelekeo wa Ziwa George, ambalo ni ardhioevu inayolindwa kwa mkataba wa kimataifa.

Mwaka 1999 ulianza kufanya kazi mtambo wa kampuni ya Kasese Cobalt. Ulitumia bakteria walewale wanaotengeneza asidi porini, ila hapa walifungiwa kwenye matangi makubwa yenye hewa na joto lililopimwa, wakaila pairaiti na kuiachia kobalti kwenye maji. Asidi ilizimwa kwa mawe ya chokaa, kobalti ikatolewa kwa umeme, tope la mwisho likawekwa kwenye bwawa lililojengwa kwa ajili hiyo. Kwa zaidi ya miaka kumi rundo lililokuwa linaua hifadhi liliyeyuka, na biashara ndiyo iliyolipa gharama.

Tofauti ya Kasese na Kabwe iko kwenye masharti. Kasese mali yote iliingizwa kwenye mtambo mmoja, mchakato ukawa ndani ya matangi, na mabaki ya mwisho yakajulikana yanaenda wapi kabla jiwe la kwanza halijaguswa. Kabwe kinachohamishwa hakimalizwi. Anayechenjua anachukua chenye zinki nyingi na kuacha kilichobaki kikiwa kimesagwa laini zaidi, yaani chepesi zaidi kwa upepo. Ningekuwa na sauti kwenye meza ya Lusaka, ningetaka uamuzi mmoja uandikwe kwa tarehe: ama mlima upewe mchenjuaji mmoja mwenye uwezo, kwa mkataba wa kuumaliza wote katika majengo yaliyofungwa na kwa dhamana ya fedha iliyolipwa kabla, ama ufunikwe kesho na leseni zote zifutwe. Njia ya tatu, ya kuacha mlima wazi huku bei ya zinki ikisubiriwa, ndiyo iliyochaguliwa kimyakimya tangu mwaka 1994, na wanaoilipia ni watoto.

Hata Kasese yenyewe haijamalizika. Pairaiti ya mjini ilikwisha, lakini kule juu bondeni Kilembe mamilioni ya tani za mabaki ya uchenjuaji yamerundikwa kandokando ya Mto Nyamwamba. Mto huo unashuka kutoka milimani kwa kasi ya kutisha. Mei 2013 ulifurika, Mei 2020 ukafurika tena na kuibomoa hospitali ya Kilembe. Kila unapofurika hula kingo za marundo, na shaba na kobalti husambazwa kwenye mashamba na mabonde ya chini. Watafiti wa Uganda wamekuta metali hizo kwenye maji, kwenye udongo wa bustani na kwenye vyakula vinavyolimwa juu yake. Kazi ya kwanza ya usafishaji hapo ni kuta za mawe za kuuzuia mto, ambayo wengi wangeiita kazi ya mafuriko. Wizara ya maji na wizara ya madini zikikaa kila moja na bajeti yake, mto hautazisubiri.

Kuhusu maji, liko jambo jingine ambalo wanasiasa hawapendi kulisikia: mara nyingi usafishaji wake hauna mwisho. Mgodi wa Iron Mountain, kaskazini mwa California, ulichimbwa kuanzia miaka ya 1860 hadi mwaka 1963. Ndani ya mlima huo wanasayansi walipima maji yenye asidi kali kiasi kwamba kipimo cha pH kilishuka chini ya sifuri hadi hasi 3.6, na walikadiria kwamba pairaiti iliyobaki inaweza kuendelea kutoa asidi kwa miaka ipatayo 3,000. Hakuna anayejaribu kuumaliza uchafu ule. Wanachofanya ni kuyakamata maji yanapotoka, kuyatia chokaa, kutenganisha tope, na kuyaachia mto yakiwa safi, usiku na mchana. Mwaka 2000 serikali ya Marekani ilifikia makubaliano na kampuni iliyorithi dhima ya mgodi huo, makubaliano yaliyokadiriwa kuwa na thamani ya karibu dola milioni 950. Sehemu ya fedha ilinunua bima ya kuendesha mtambo kwa miaka 30, na nyingine itakabidhiwa serikali mwaka 2030 ili kazi iendelee.

Weka tarakimu hiyo kando ya dola milioni 65.6 zilizogawanywa kati ya miji minne ya Zambia.

Kanada ina mgodi wa dhahabu wa Giant, pembeni ya mji wa Yellowknife, uliochimbwa kuanzia mwaka 1948 hadi 2004. Uchomaji wa mawe yake ulizalisha vumbi la aseniki, na tani 237,000 za vumbi hilo zilihifadhiwa kwenye vyumba chini ya ardhi. Mmiliki alifilisika mwaka 1999, dhima ikaiangukia serikali. Uamuzi uliofikiwa ni kuvigandisha vyumba hivyo kwa mabomba yanayofyonza joto la ardhi na kulitupa hewani, na kubaki hivyo. Makadirio ya gharama yamepita dola za Kanada bilioni 4. Uingereza nayo ilijifunza Januari 1992, wakati mgodi wa bati wa Wheal Jane huko Cornwall, uliofungwa mwaka mmoja kabla na pampu zake kuzimwa, ulipojaa na kumwaga makumi ya mamilioni ya lita za maji ya asidi hadi kwenye mlango wa Mto Fal. Maji yake yanasafishwa mpaka leo. Na hata mwenye nia njema huweza kuharibu: Agosti 2015 wakandarasi wa mamlaka ya mazingira ya Marekani, waliokuwa wakichunguza mlango wa mgodi wa zamani wa Gold King huko Colorado, walilitoboa zuio na kuachia zaidi ya lita milioni 11 kwa mkupuo, Mto Animas ukageuka rangi ya chungwa. Mgodi uliojaa maji hauguswi kabla ya kujua yako kina gani.

Kinachofanana katika visa hivyo vyote ni kwamba aliyepata faida hakuwapo, au ilibidi aburutwe. Oktoba 2020 mawakili walifungua kesi katika Mahakama Kuu ya Johannesburg dhidi ya kampuni ya Anglo American South Africa, kwa niaba ya wanawake na watoto wa Kabwe wanaokadiriwa kufikia 100,000, wakidai kwamba kampuni hiyo ilisimamia na kuushauri mgodi kati ya mwaka 1925 na 1974, kipindi ambacho sehemu kubwa ya risasi yake ilizalishwa. Kampuni inakanusha; inasema haikuwa mmiliki wala mwendeshaji, na kwamba baada ya mwaka 1974 mgodi ulikuwa mikononi mwa shirika la serikali ya Zambia kwa miaka 20. Desemba 2023 mahakama ilikataa dai hilo lisikilizwe kama kesi ya kundi, na walalamikaji wakapata ruhusa ya kukata rufaa. Nawatakia haki yao. Lakini kesi za namna hii huchukua miaka kumi, na mtoto wa miaka miwili ana miaka miwili tu ya kuwa na miaka miwili. Nchi inayosubiri hukumu ndipo ifunike mlima imekwisha kuamua dhidi ya kizazi kizima. Kufunika hakumwondolei mdaiwa deni. Gharama huandikwa na kudaiwa baadaye, kama Wamarekani walivyofanya.

Tanzania inayo sheria nzuri kuliko wengi wanavyojua. Mgodi mkubwa leo hauwezi kuendeshwa bila mpango wa ufungaji na dhamana ya ukarabati, fedha inayotakiwa kuwapo hata kama mwekezaji atatoweka. Golden Pride wa Nzega, mgodi mkubwa wa kwanza wa dhahabu wa kizazi kipya, uliofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1990, ulimaliza uchimbaji muongo mmoja na nusu baadaye na kupitia hatua za kufungwa rasmi. Udhaifu wa dhamana ni hesabu yake. Ikipigwa kwa kusawazisha marundo na kupanda miti, itatosha kwa marundo na miti. Ukaguzi wa maji na ukarabati wa bwawa la topesumu kwa miaka 50 baada ya geti kufungwa ni gharama nyingine, na ndiyo ambayo mwekezaji yeyote atataka isihesabiwe. Kila mpango wa ufungaji unaopita mezani uulizwe swali hilo moja kwa tarakimu.

Dhamana haifanyi kazi kurudi nyuma, ingawa. Huko Mpanda, hapahapa Tanzania, ilichimbwa risasi wakati wa ukoloni, na reli ya kutoka Kaliua ilijengwa kwa ajili hiyo. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Mgodi wa Macalder, katika kaunti ya Migori nchini Kenya, ulitoa shaba na dhahabu hadi mwaka 1966, na mabaki yake yamekuwa yakipitiwa tena na wachimbaji wadogo. Migodi hii haina mwenye dhima wala mfuko. Inayo majirani.

Kwa hiyo pa kuanzia ni upimaji, na upimaji si ghali. Kipo kifaa cha mkononi kinachopiga mwale wa eksirei kwenye udongo na kutoa kiasi cha risasi, aseniki na shaba kwa muda usiofika dakika mbili. Marekani kwa miaka mingi ilihesabu miligramu 400 za risasi kwa kilo ya udongo wa makazi kuwa ndipo pa kuanza kuchunguza zaidi, mwaka 2024 ikashusha hadi 200. Katika mitaa ya Kabwe hupatikana maelfu. Timu ya watu wanne yenye kifaa hicho inaweza kupita kwenye viwanja vya shule, visima na nyua zilizo upande unakoelekea upepo wa mgodi wa zamani na kuchora ramani ndani ya wiki moja. Pale udongo unapozidi kiwango, ichukuliwe damu ya watoto wa umri wa mwaka mmoja hadi mitano, maana wao ndio wanaokula vumbi zaidi. Vipimo hivyo viandikwe kwenye daftari la wilaya, si la mradi, ili mradi ukiondoka viwepo vya kulinganisha.